Vibwengo wa Mtopeni

Mmeniuliza kila mtu kwa wakati wake. Mwingine aliniuliza nikiwa nakata kitambaa, mwingine nikiwa na pini mdomoni, na jirani yetu wa duka la nyuzi aliniuliza katikati ya barabara, soko zima likisikia: "Zuhura, ni kweli uliwaona vibwengo?" Nimekuwa nikijibu nusunusu, kwa sababu nikisema ndiyo nitakuwa nimedanganya, na nikisema hapana vilevile. Leo nimezima cherehani, nawaandikia yote kwa mpigo. Mtasomeana.

Sababu ya safari ilikuwa simu. Mama yangu mdogo, Bi Tatu, mdogo wake marehemu mama, analima mpunga Mtopeni, kitongoji kidogo ndani ya delta ya Rufiji ambako hufiki ila kwa maji. Jirani yake, Somoe, alinipigia akizungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

"Zuhura, njoo umchukue mama yako. Huku bondeni wametoka vibwengo. Watu wa kijivu, hawana nguo, hawana nywele. Sisi wote tumeyakimbia mashamba, yeye amebaki, na tena anawalisha. Watu wamekasirika. Wamesema Ijumaa baada ya swala wanakwenda kulichoma dungu lake."

Dungu ni kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho watu wa Rufiji hukaa msimu wa mpunga kulinda shamba. Na kibwengo, kwa wenzangu wa bara ambao hamkutishwa naye utotoni, ni pepo wa majini. Hukaa mikokoni, hutoka kukipambazuka, na akikutazama machoni unamfuata mwenyewe mpaka kwenye kina. Mimi nimezaliwa Kibiti. Nilipokata ile simu sikujua naogopa nini zaidi, vibwengo au watu.

Kuelekea Kibiti

Kutoka Morogoro mpaka Mbagala sikumbuki kitu ila usingizi. Basi la pili ndilo lililonitesa. Tulipoiacha Mkuranga likakohoa, likapunguza mwendo, likasimama kando ya shamba la mikorosho. Dereva akashuka, akafunua mbele, akaitazama injini kama mtu anayemtazama mgonjwa wa jirani.

Mvua ilikuwa nyembamba, ile ya mwisho wa masika isiyolowesha bali inayokaa tu juu ya nguo. Tukaingia chini ya mikorosho, abiria wote, tukasimama kama watu waliokuja mazikoni wakakuta maiti hajafika. Mzee mmoja aliyekaa kiti cha nyuma yangu akatoa korosho za kuchoma kwenye mfuko wa kanzu, akatugawia mojamoja, akianza na watoto. Nikaegemea shina, nikasinzia nikiwa nimesimama. Nilipofumbua macho basi lilikuwa linanguruma, ukungu umeshuka mpaka usawa wa magurudumu, na kwa muda mfupi nikaliona linaelea.

Fundi

Tukaingia Kibiti jua limekwisha kuegemea. Magari ya kwenda bandari ya Nyamisati yalikuwa yamekwisha kuondoka, basi nikakaa kwa mama mmoja muuza chai karibu na stendi. Alikuwa mnene, mchangamfu, amejifunga kanga mbili. Akanipa chai ya mchaichai na vitumbua vya moto.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Mtopeni."

Mkono wake ukasimama juu ya birika. "Kule kwenye vibwengo?"

"Huko huko. Kuna mtu nataka nimtoe kabla ya Ijumaa."

"Peke yako? Wewe nani?"

"Mimi ni fundi," nikasema. "Natoka Morogoro."

Akanitazama kuanzia miguu mpaka kichwa, akaniongezea kitumbua kikubwa kuliko vyote, akavuta kigoda karibu yangu. "Fundi, usinione mjinga. Nami nina shida yangu ndogo. Mume wangu hatulii. Kila akishavaa, anatoka. Nimekwenda kwa mafundi wawili, hawakunisaidia."

Mimi nilikuwa nimechoka. Nikadhani nguo ndizo hazimtulii mwilini. Nikamwambia, "Mwambie aje, nimpime."

Akaziba mdomo kwa kanga. "Hapa hapa?"

"Hapa hapa. Futi ninayo begini."

Akacheka, akaogopa, akasema basi, labda nikirudi. Usiku ule alinilaza nyumbani kwake, kwenye kitanda cha binti yake, na asubuhi akanisindikiza mwenyewe mpaka kwenye gari la Nyamisati, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikajisemea kwamba watu wa Kibiti hawajabadilika, wangali wakarimu. Sikujua kama habari yangu ilikuwa imekwisha kunitangulia.

Nyamisati, kusubiri maji

Nyamisati maji yalikuwa yamekupwa. Boti zimelala kwenye tope ubavu ubavu, na mahali palipopaswa kuwa na bahari palikuwa na uwanja mweusi unaong'aa, kaa wadogo wekundu wakikimbia juu yake. Nahodha wetu, Abdala, mtu mwembamba asiyependa maneno, alisema tutaondoka maji yakitaka. Nikamuuliza yatataka saa ngapi. Akatazama tope, akasema, "Bado hayajataka."

Nikala wali wa nazi na kamba. Nikalala kwenye benchi. Nikaamka, nikala tena. Jua lilikuwa jeupe bila joto, na kila nikifumbua macho ule uwanja mweusi ulikuwa umepungua kidogo, ingawa sikuyaona maji yakija hata mara moja.

Boti ilipoelea, abiria wakanipisha. Kinamama wakasogeza magunia ya unga, wakanitandikia laini, wakaniweka katikati. "Fundi akae hapo, chombo kisiyumbe," akasema Abdala.

Bibi mmoja akaniuliza kwa adabu kama anaweza kuona vifaa vyangu. Nikafungua begi. Ndani palikuwa na mkasi mkubwa, futi, sindano, na nyuzi nilizochukua haraka mezani wakati naondoka: nyekundu, nyeupe na nyeusi. Boti nzima ikainama kutazama. Bibi akanong'ona, "Rangi zote tatu."

Hapo ndipo nilipoelewa: huku kwetu fundi ni mganga pia. Uso ukaniwaka nilipomkumbuka yule mama wa chai na mume wake.

"Jamani, mimi ni fundi cherehani," nikasema. "Nashona magauni."

"Tunajua, fundi," Abdala akajibu bila kugeuka. "Hakuna anayejitaja."

Ndani ya mikoko

Siwezi kuwaeleza sawasawa ile njia ya maji. Unaingia mdomo wa mto, mto unagawanyika, nao uliouchagua unagawanyika, na mikoko inasimama kila upande kwa miguu yake mingi kama watu waliokunja nguo wavuke. Kila kona inafanana na iliyopita. Pakafika mahali mashine ikanasa majani, Abdala akaizima, tukachukuliwa na maji tu. Ndege mweupe alitembea juu ya tope sambamba nasi, hatua kwa hatua, kama anatusindikiza.

Kisha mbele yetu kichwa kikainuka majini. Kipana, laini, rangi ya risasi, hakina unywele. Nikashika ukingo wa boti. Kikatutazama, kikapumua kwa kishindo, kikazama.

"Kiboko," akasema Abdala, akavuta kamba ya mashine.

Wale kinamama hawakumtazama kiboko. Walikuwa wananitazama mimi, na wakaona nimeshtuka. Bibi akanipigapiga goti kunituliza.

Somoe alikuwa ananingoja ufukweni, matope mpaka magotini. Alinikumbatia akilia. Somoe si mtu mbaya, nataka mlijue hilo kabla hamjasoma mengine. Yeye na mama mdogo wamelima tuta kwa tuta miaka mingi. Lakini mtoto wake wa mwisho aliwaona wale watu wa kijivu asubuhi moja, na jioni yake homa ikampanda mpaka akaweweseka. Tangu hapo Somoe hakuvuka tena kijito kwenda bondeni.

"Wanasema wewe ni fundi mkubwa kutoka Morogoro," akaninong'oneza. "Sijawakatalia. Wamekubali kukuachia mpaka Ijumaa. Zuhura, ikifika Ijumaa mimi sitaweza kuwazuia."

Dungu la mama mdogo

Nikavuka kijito peke yangu. Ng'ambo yake mpunga ulikuwa umeanza kuwa wa manjano, umeinama, umekwenda mpaka macho yanapochoka. Na madungu yamesimama matupu, moja hapa, moja kule, ngazi zimeanguka. Ndege walikuwa wakishuka kama moshi, wakitua, wakila, wakiinuka tena kwa uvivu. Mashamba yote yale yalikuwa yakiliwa hivihivi bila mtu.

Shamba moja tu lilikuwa na sauti. Makopo yaliyofungwa kwenye kamba yalilia, na sauti kavu ya mwanamke ikaita, "Hoo! Hoooo!" Huko ndiko kuamia ndege, kazi ya kutwa nzima, na mama mdogo alikuwa akiifanya peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakuonyesha kushangaa. Alikuwa amekonda, macho makubwa. "Umekuja kunichukua?"

"Ndiyo, mama."

"Na mpunga nao utauchukua?"

Nikapanda ngazi, nikakaa, akanipa kamba ya makopo nivute upande wangu. Jioni akatwanga pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa ukawa bapa, laini, una harufu ya majani na maziwa. Tukala kwa nazi. Sikuuliza habari ya vibwengo, naye hakunisimulia. Nikalala chini ya chandarua huku dungu zima likitikisika polepole kwa upepo.

Alinigusa bega kukiwa kumepambazuka kidogo tu. "Njoo uwaone," akasema.

Ukungu ulikuwa umelifunika bonde, mpunga hauonekani, ila ncha za mikoko kule mbali. Nikaona weusi ukisogea, kisha ukawa kijivu, kisha ukawa watu.

Nawaambia nilichokiona, siwaongezei. Walikuwa watatu. Walikuja juu ya tuta, ukungu ukiwakata miguu. Ngozi zao tupu, zimekunjamana kama za wazee sana, masikio yamewatoka, mabega membamba. Wa kwanza alikuwa amekumbatia kitu kifuani. Wa pili alikaa kitako, akainua mkono wenye vidole virefu, akajikuna shingo taratibu, kama mtu anayefikiri. Wa mwisho alikuja nyuma sana, anachechemea.

Nilianza Ayatul Kursi, nikaikosea, nikaanza upya. Mama mdogo alishuka ngazi, akaenda mpaka mwanzo wa tuta, akaweka vipande vya muhogo, akarudi nyuma. "Kuleni," akawaambia, kwa sauti ile ile anayosemea nami. Wakaja. Wakala kwa mikono. Yule wa mwisho akainua uso, akanitazama pale juu, macho ya kahawia yaliyo karibu karibu, nami nikayainamisha yangu upesi nisije nikamfuata. Kisha ukungu ukawachukua.

"Umewaona?" mama mdogo akaniuliza aliporudi.

"Nimewaona."

"Yule wa nyuma?"

"Anachechemea."

"Mguu gani?"

Nikafikiri. "Wa kushoto."

Akakaa chini, akafunika miguu kwa kanga, akavuta kamba ya makopo, ingawa hapakuwa na ndege.

Nilielewa, na nikatamani nisingeelewa. Mama mdogo alikuwa na mtoto mmoja, Omari, tuliyelingana naye umri. Alianguka juu ya mkorosho akiwa mdogo, mguu wa kushoto ukaunga vibaya. Akiwa kijana alivuka kijito kwenda kutega kaa, akateleza, na maji hayakumrudisha. Walitafuta mpaka mdomo wa bahari. Watu wakasema vibwengo wamemchukua, kama watu wa huku wanavyosema maiti isipopatikana, ili kumpunguzia mama uchungu. Yeye akalishika neno lile kwa mikono miwili. Hakuruhusu asomewe hitima, kile kisomo cha kumwombea marehemu. "Mtu aliyechukuliwa hasomewi," alisema. Miaka ikapita, tukaacha kumwambia.

Sikumuuliza zaidi siku ile. Niliamia ndege naye mpaka sauti ikakwaruza, na mchana kutwa nilijikuta nikitazama mikokoni. Nikiwa na akili zangu zote, wenzangu, nilianza kuwaza Omari angekuwa na sura gani leo.

Alhamisi

Asubuhi iliyofuata upepo ulivuma kutoka baharini, na ukungu haukukaa. Jua lilitoka mapema. Wakaja juu ya tuta kama jana, lakini leo walikuja katika mwanga.

Yule wa kwanza aligeuka ubavu, na kile alichokikumbatia kikasogea. Kilikuwa kitoto. Na kitoto kile kilikuwa na manyoya. Manyoya meusi, mafupi, mazuri, yanang'aa, na uso wa waridi, na masikio kama vikombe. Kilijishika kwenye kifua kitupu cha mama yake, kikanyonya. Nikamtazama mama mtu upya, kuanzia mwanzo. Pua ndefu. Matako yenye sugu. Nyuma yake mkia umening'inia mtupu kama kipande cha kamba. Ngozi imeota magamba, na mahali alipojikuna pamechubuka. Niliwahi kuuona ugonjwa ule kwa mbuzi wetu, na kwa mbwa wa mitaani pale Morogoro.

Makopo yakalia kwa upepo. Yule wa pili akashtuka, akafunua meno, akabweka: "Wahu!"

Hakuna mtu wa Rufiji asiyeijua sauti ile.

"Nyani!" nikapiga kelele. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. "Mama, ni nyani! Wana upele, manyoya yamewapukutika! Ni nyani tu!"

Nilikuwa nimeshashuka nusu ya ngazi, nataka kukimbia kijijini kumwambia Somoe, ndipo nilipomwona uso.

"Umehakikisha?" akauliza.

"Mama, wana mikia."

Akatazama viganja vyake. "Mkia niliuona tangu siku ya kwanza," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nautazama mguu."

Nikapanda tena, nikakaa karibu naye. Chini yetu wale nyani walimaliza muhogo, wakaenda zao polepole, bila kundi lao, labda kundi liliwafukuza kwa ugonjwa wao. Nikasema lazima nivuke nikawaambie watu.

"Kaa kwanza," akasema mama mdogo. "Wakiwa vibwengo, hakuna wa kuwagusa. Wakiwa nyani, unajua nyani hufanywaje kwenye mpunga."

"Na wewe je? Kesho wanakuja na moto."

"Kesho haijafika."

Nilikasirika, siwafichi. Nilimwambia kwamba nimeacha kazi, nimesafiri, nimeitwa mganga, yote kwa ajili yake, na yeye anawahurumia wanyama wanaokula mashamba ya watu. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Yule mwenye kitoto, Zuhura, wiki iliyopita kilikuwa hakijazaliwa." Akarudi kwenye kamba yake.

Ijumaa

Walikuja jua likiwa bado juu, kwa mstari mmoja, wanaume mbele, wanawake nyuma. Walibeba vijinga vinavyofuka na mafuta kwenye dumu. Somoe alikuwa wa mwisho. Hawakuwa wakipiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Walikuwa wametoka msikitini, wamevaa kofia zao safi. Mimi nikashuka, nikasimama chini ya ngazi.

Abdala ndiye aliyezungumza. "Fundi, muda umekwisha. Umewatoa?"

Nikisema ndiyo, kesho watawaona tena tutani. Nikisema hapana, moto. Na lile neno la tatu halikuwa langu kulisema. Mtu akanisukuma kando, si kwa nguvu, akainua kijinga chake kwenye makuti ya dungu.

"Teremsha huo moto," mama mdogo akasema kutoka juu.

Akashuka taratibu, ngazi kwa ngazi, akijishika. Hakumtazama mtu mwingine ila Somoe. Akapita katikati yao, akamshika mkono.

"Njoo, Somoe."

"Bi Tatu, mimi siendi huko. Nina watoto."

"Wanao watakula nini mwaka huu? Njoo."

Wakaenda wawili juu ya tuta, Somoe akivutwa, sisi wote nyuma kwa mbali, mpaka pale mikoko inapoanza. Wale watatu walikuwa wamekaa kivulini. Somoe akageuza uso, akaufukia begani kwa mama mdogo.

"Tazama," mama mdogo akasema. "Ni nyani. Wana upele." Sauti yake ilikuwa wazi kabisa, kila mtu aliisikia. Kisha akapiga makofi mara moja, kwa nguvu.

"Wahu!" nyani akajibu.

Mtu mmoja akacheka. Akafuata mwingine, na kicheko kikaenda mstari mzima mpaka watu wakashikana mabega, wengine wakakaa chini kwenye mpunga, na Somoe alicheka huku analia, akisema, "Nyani! Yarabi, nyani! Na mimi nimemchanja mtoto wangu kwa ajili ya nyani!"

Kicheko kikaisha. Nikaona mtu anainama, anaokota bonge la udongo mkavu. Kisha wote.

Mwenye kitoto alikimbia, akaingia mikokoni, na yule wa pili nyuma yake. Wa mwisho hakuwa na mguu wa kukimbilia. Mama mdogo aligeuka, akatazama mto, akabaki akiutazama mpaka walipomaliza.

Walitaka kumtupa majini. Akasema, "Nipeni."

"Bi Tatu, nyani?" Abdala akauliza, kwa upole.

"Nipeni mimi."

Akamfunga kwenye gunia jipya la mpunga. Alichukua jembe, akaanza kuchimba mahali pakavu penye mwinuko, akachoka upesi. Somoe akamtazama kidogo, akafunga kanga yake kiunoni, akamnyang'anya jembe, akachimba yeye. Hapakuwa na dua, na hakuna aliyedhani inafaa iwepo. Walipofukia, mama mdogo alipiga magoti, akasawazisha udongo kwa viganja, akaendelea kuusawazisha ulipokuwa umeshanyooka, na ndipo akalia. Sijapata kumsikia akilia hivyo, hata alipokufa mama yangu. Alilia mpaka akakaa. Somoe alikaa naye kwenye udongo, akamshikilia, akisema, "Nisamehe, dada, nisamehe," mimi nikaondoka.

Nilirudi dunguni, nikashika kamba. Alasiri ile ile watu wakaanza kuinua ngazi zao. Sauti ikatoka dungu la mashariki, "Hoo!" Nyingine ikajibu kule kijitoni. Kabla ya jua kuzama bonde zima lilikuwa linaitana, makopo yanalia, ndege wanainuka huku wanakosa pa kutua, na mama mdogo amelala ubavu nyuma yangu mchana kweupe, mdomo wazi, kama mtoto.

Kurudi

Nilibaki mpaka tulipokata mpunga wa kwanza. Mikono yangu mmeiona. Yule mwenye kitoto hatukumwona tena, wala hatukuulizana habari zake. Mara moja tu nilimwona mama mdogo akienda na muhogo kuelekea mikokoni, na aliporudi mikono ilikuwa mitupu.

Hakuja nami. Sikumlazimisha. Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza kwenye tope, amenibebea mfuko wa pepeta, ile ile mliyoila hapa dukani mkaisifu. Abdala alikuwa ameshaiwasha mashine. Mama mdogo akanishika mkono, akazungumza karibu na sikio langu kwa sababu ya kelele.

"Ukifika kwako, msomee Omari hitima. Hapa nitasoma na Somoe, lakini na wewe soma. Uwaite watu."

Nikamwambia nitafanya.

Basi wale mliokuja kwangu Alhamisi ile, mkakuta mkeka umetandikwa na ubwabwa umepikwa, mkauliza ni nani aliyefariki nami nikasema nitawaambia: ni yeye. Omari, mtoto wa mama mdogo Tatu wa Mtopeni. Mlimwombea bila kumjua, na mama yake amenituma niwape asante.